Mwaka Niliotazama Ndege Mikindani

Walipotangaza kwamba jeneza litafunguliwa ili watu wamwone mama kwa mara ya mwisho, niliinuka kwenye kiti cha plastiki nikaenda kusimama nyuma ya hema, katikati ya mibuni, kama mtu aliyeitwa na simu. Hakuna aliyenipigia. Nilikuwa nimetoka Runyenjes alfajiri, nikabadilisha gari njiani, nikafika Kanyakine kabla mwili haujaletwa, nikapewa chai ya maziwa na mkate, nikaketi pamoja na walimu wastaafu wenzangu tukalalamikia magoti. Hayo yote niliyaweza. Kutazama ndiko kulikonishinda. Foleni ilipita mbele ya jeneza polepole, kwaya ikiimba, nami nikawa ninageuzageuza majani ya mbuni kama afisa wa kilimo anayetafuta ugonjwa. Bahati nzuri, mtu mzima akisimama peke yake shambani wakati wa mazishi, watu humwacha. Hudhani analia, au anakojoa.

Marehemu nitamwita Mama Makena. Majina ya watu humu si yao, na waliohusika karibu wote wameshazikwa, lakini hata hivyo naandika nikiona haya. Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote, nimewachorea watoto wa watu viungo vyote vya mwili ubaoni bila kupepesa macho, lakini mwaka huu mmoja wa ujana wangu sijawahi kuusimulia, hata kwa mke wangu. Yeye anajua tu kwamba niliwahi kuishi Mombasa na kwamba sipendi kuulizwa.

Nilikwenda Mombasa baada ya kidato cha nne, nikitokea Githongo, nikiwa na begi moja na mkungu wa ndizi wa kuwapelekea wenyeji wangu. Mzee Ikiara alikuwa akiuza miraa huko, na alikuwa ametahiriwa msimu mmoja na baba yangu. Kwa Wameru hilo si jambo la kupamba hotuba. Mtu wa rika la baba yako ni baba yako, anaweza kukutandika na hakuna atakayemuuliza, na mke wake ni mama yako kabisa, kwa heshima zote na kwa miiko yote. Na mwiko mkubwa kuliko yote, ule tunaouita mugiro, ni mwana kuona uchi wa mama yake. Aliyeuvunja, kwa kutaka au kwa kutotaka, alikuwa amejitia uchafu usiotoka kwa maji. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, kama nilivyojua kwamba moto unachoma.

Nyumba yao ilikuwa Mikindani, upande wa bara, kwenye ploti ya vyumba vilivyopangwa mstari. Mwenye ploti alikuwa ameanza kujenga ghorofa, pesa zikamwishia njiani, ngazi ikabaki inapanda hadi kwenye sakafu ya zege isiyo na kuta, nondo zimesimama kila pembe. Mimi nilipewa chumba cha pili, ambacho mchana kilikuwa mahali pa kufungulia mizigo. Gari la miraa liliingia adhuhuri, Mzee akayafungua magunia kwa haraka, na majani ya migomba yaliyofungia mabunda yakatupwa kitandani kwangu kwa sababu hapakuwa na pengine. Usiku nilikuwa nikiyasukuma ukutani ndipo nilale. Chumba kizima kilinukia migomba ya nyumbani, nje kukinuka chumvi na mafuta ya samaki, na miezi ya kwanza nilikuwa nikiamka bila kujua niko wapi.

Mama Makena alipika chakula cha kwetu katika mji ambao haukukitaka. Alipata mahindi makavu na maharagwe, akachemsha githeri siku nzima kwa jiko la makaa hadi jasho likamchuruzika kwenye kidevu, na majirani Waswahili wakapita wakimcheka kwa upole, wakimuuliza kama anachemsha mawe. Yeye naye aliwacheka kwa kutia nazi kila kitu. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, mcheshi, mwepesi wa maneno. Binti yake Makena alikuwa mdogo bado, ameachwa Kanyakine kwa nyanya yake kwa sababu Mombasa ilimtoa vipele, na nadhani ule umama wote uliobaki bila mtoto aliumimina kwangu. Nyama ikiwa vipande vitano, vitatu vilikuwa vyangu. Nikikataa alinitazama hadi nile.

Kazi niliyoipata ndiyo iliyonifanya niwe kichekesho. Mama mmoja mtafiti alikuwa akiajiri vijana waliomaliza shule, kila mmoja atazame mtaa wake: ndege gani wanataga wapi, kunguru wanakula mayai ya nani, miti gani inakatwa. Kunguru walikuwa wameuteka mji wote, na yeye alitaka kujua ni nani bado anavumilia. Alinipa darubini nzito, mkanda wake umeshonwa kwa uzi wa viatu, na sharti moja tu. Alisema, "Kiumbe akishajua unamtazama, hapo huoni tena maisha yake, unaona woga wake." Nililipenda neno hilo. Kila alfajiri nilipanda ile ngazi nikalala kifudifudi kwenye zege baridi, nikajifunza kutoonekana.

Nakiri kwamba nilikuwa na furaha. Kijana wa mlimani, ambaye ndege kwake walikuwa wale wa kufukuzwa kwenye mtama, nilikuta ulimwengu juu ya mabati ya Mikindani. Wanana wa manjano walisuka viota kwenye mnazi wa jirani, dume anasuka, jike anakuja kukagua, asipopenda anakivunja, na dume anaanza upya bila manung'uniko. Popo walining'inia kwenye mti wa mkungu wa msikitini wakigombana kama abiria. Kenge mmoja mzee alitoka kwenye mtaro kila jua likichomoza, akaota jua karibu na kuku, na kuku wakamzoea. Maji yakipwa nilishuka hadi kwenye mikoko nikawatazama kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakipunga mkono wao kwa pamoja, maelfu, kana kwamba wamemwona mtu wanayemfahamu. Na nyuma ya ploti, juu ya bafu, palikuwa na mwarobaini mkubwa, ambao ndege wadogo waitwao chozi walikuja kunyonya maua yake.

Mzee Ikiara hakuelewa. "Mimi nauliza tu," alisema akitafuna, shavu limejaa. "Form four mzima, kazi ni kuangalia kunguru? Kunguru hata mimi naona, na hakuna mtu amenilipa."

"Wacha mtoto," Mama Makena akamjibu kutoka jikoni. "Wewe mwenyewe unauzia watu majani."

Wateja kwenye kibanda chake cha miraa pale nje walicheka hadi wakakohoa. Watu wa nyumbani waliokuwa wakikutana pale, Wameru na Waembu wa bandarini na wa magodauni, wakanipa jina la Kunguru, na likanishika. Sikulichukia. Ningejua ni tuhuma gani ingekuja baadaye, ningelifurahia zaidi.

Ilikuwa ni kwa sababu ya mwarobaini ndipo nikaanza kugundua. Matawi ya chini, yale ambayo mtu anayafikia kwa mkono, yalianza kupungua majani. Pwani kila mtu huchuma mwarobaini, wa malaria, wa upele, wa kila kitu, kwa hiyo mwanzoni sikujali. Lakini kila asubuhi palikuwa na kijiti kipya kilichovuliwa, na makovu yale mabichi yalikuwa upande wa bafu tu. Nikafikiri kama nilivyofundishwa: kuna kiumbe anakuja hapa, anakuja kila siku, na hataki kuonekana. Nikajivunia akili yangu.

Wakati huohuo nilikuwa nikisikia mambo ukutani. Ukuta kati ya chumba changu na chao haukufika juu, na maneno yalipita kama hewa.

"Hii nyumba inanuka nini?" aliuliza Mzee usiku mmoja.

"Ni samaki ya jirani."

"Samaki gani kila siku?"

"Mombasa ni samaki, Baba Makena. Lala."

Na kweli palikuwa na harufu, si ya samaki. Tamu kidogo, kama ndizi zilizopita. Nililaumu majani yangu ya migomba, nikayatoa nje yote na kufagia, na harufu ikabaki. Mama Makena alikuwa ameanza kujifunga leso mbili, moja kiunoni na moja kifuani, kwenye joto lile la kuyeyusha mtu. Nilimwuliza kama ana homa. Akaniambia nile.

Asubuhi yenyewe ilianza na mauaji. Kunguru alivamia mnazi, akatoboa kiota, akaondoka na kinda mdomoni, mama yake akimfuata kwa kelele. Nilikuwa nimekingoja kiota kile tangu siku kilipoanza, na hasira ilinipanda. Nikamfuata kunguru kwa darubini. Alipaa juu ya paa, akazunguka mwarobaini, akatua kwenye ukingo wa bati la bafu ili ale. Bafu letu lilikuwa mabati manne bila paa. Nilikuwa nimejiwekea sheria kwamba lenzi yangu isigeukie huko hata siku moja, na sheria hiyo niliishika hadi siku kunguru aliponivusha. Nyuma ya mgongo wake mweusi niliona bega, kisha nikaona yote.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda. Ile leso ya kifuani ilikuwa kwenye msumari. Ziwa lake la kushoto lilikuwa limekunjamana, limevutwa kwa ndani, na chini yake palikuwa na kidonda kilichofunguka, na yeye alikuwa akikiosha kwa maji ya majani yale, kidogo kidogo, ameuma pindo la leso ili asitoe sauti. Nilipaswa kuteremsha darubini hapohapo. Sikuiteremsha. Hili ndilo linaloniamsha hadi leo, kwamba nilitazama kama nilivyozoea kutazama: ukingo wa kidonda, rangi yake, usaha, mkono unavyotetemeka na unavyotulia. Nilimwona vizuri kuliko nilivyowahi kumwona mtu yeyote. Kunguru alipomaliza kula akaruka, bati likalia, naye akainua uso kumtazama ndege. Hakuniona. Nililaza kichwa kwenye zege.

Siku hiyo alinipakulia githeri, akaniongezea, akasimama kungoja nile. Mkono ule ulioshika upawa nilikuwa nimeuona ukifanya kazi nyingine. Nilikula nikitazama bakuli. Watu hudhani haya ni jambo la kupita, uso ukipoa basi. Yangu ilihamia mwilini kama ugonjwa. Nikisikia kandambili zake uani nilijificha, akiniita nilijibu nikiwa nimempa mgongo, na yeye, maskini, akadhani nimegombana na Mzee, akanikaangia mayai.

Ningemwambia nani? Kumwambia Mzee ni kumwambia nimeona kifua cha mkewe. Kumwambia jirani ni kumvua nguo mara ya pili. Na kunyamaza, hata mimi wa kidato cha nne nilijua mwisho wake ungekuwa nini. Hatimaye nilikwenda jikoni Mzee akiwa kibandani, nikasimama mlangoni nikiangalia nje.

"Mama, nataka kusema kitu, na tafadhali usinitazame."

"Umefanya nini?"

"Nimeona. Huko kwa bafu. Sikutaka kuona, ni kunguru. Hicho kidonda si cha majani, mama. Twende hospitali."

Nilisikia makaa yakitatarika. Nilisikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa, ukiinuliwa, ukiwekwa tena. "Sijasikia umesema kitu," alisema mwishowe. "Na wewe hujasema."

Nikangoja siku kadhaa, na kila asubuhi mwarobaini ulikuwa umevuliwa kijiti kingine. Nikarudi mlangoni. Safari hii nilimwambia kwamba asipokwenda, nitamwambia Mzee. Usiku ule, juu ya ukuta usiofika, nikasikia sauti yake, kavu, ambayo sikuwahi kuisikia: "Huyo mtoto wa watu anapanda huko juu na hiyo mashini yake. Anatuangalia wanawake tukioga."

Sikumkasirikia, wala simkasirikii leo. Nilikuwa nimembana ukutani, akachomoka kwa njia iliyokuwapo.

Jumapili baada ya kanisa wakaja watu wawili wa nyumbani kusikiliza kesi. Mmoja alikuwa Kaaria, fundi wa nguo kutoka Nkubu na mzee wa kanisa, na mwingine Njeru, mtu wa Embu aliyekuwa bawabu wa godauni, mpole sana. Mzee Ikiara aliketi kitandani kwa kuwa viti vilikuwa vitatu, na cha tatu kiliwekewa darubini yangu, kama shahidi. Mimi nilisimama. Mama Makena alikuwa mlangoni na chupa ya chai.

"Kijana," alianza Kaaria, "unapanda huko juu, ndiyo ama siyo?"

"Ndiyo."

"Na hii kitu ya macho?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa sikiza vizuri. Umeona mama yako akioga?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, na nadhani Njeru alitamani niseme hapana, maana alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa niaba yangu. Nikasema ndiyo. Mzee Ikiara alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

"Baba yako nitamwambia nini?" aliniuliza. "Eh? Nitamwambia nini? Nimekulisha hapa kama mtoto wangu, kumbe unatafuta nini huko juu? Uliona nini cha kukupendeza?"

"Hiyo swali wachana nayo," Njeru akasema.

Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa, nami nikalijibu. "Niliona mgonjwa. Ana kidonda kwa ziwa la kushoto na kimeanza kuoza. Anaosha na majani. Akikaa hapa atakufa. Mpelekeni hospitali, halafu mimi mnifanye vile mnataka."

Wote watatu waligeuka kumtazama. Hawakujizuia, hata Kaaria mzee wa kanisa. Macho yao yalikwenda moja kwa moja kwenye ile leso ya kifuani, na yeye akasimama pale katikati ya macho ya wanaume na chupa yake. Sijaona mtu akiwa uchi namna ile, hata bafuni. Kisha alikuja mezani, akamimina chai, kikombe cha Kaaria, kikombe cha Njeru, kikombe cha mumewe, akaweka sukari, akaikoroga ya mumewe kama ilivyokuwa desturi yake. Kikombe changu alikiacha kimepinduliwa. Akatoka nje bila haraka.

Walimpeleka hospitali kubwa kesho yake. Wakalikata ziwa, akachomwa dawa zilizomnyonyoa nywele, akalala huko muda mrefu, akapona. Madaktari walishangaa kwamba alikuwa amefika kwa wakati. Mzee Ikiara aliniambia hilo akiwa ananitazama miguu. Hakunishukuru wala hakunitukana. Alikuwa mtu aliyelala kando ya harufu ile kila usiku akaambiwa ni samaki, na nadhani yeye naye alikuwa na haya zake za kubeba.

Kupona kwake hakukufuta nilichoona. Kuona ni kuona. Jumamosi moja, kabla hajatoka hospitalini, wazee wakanunua kondoo dume wa kunitakasa, tukaenda naye mahali palipojificha karibu na mikoko, Kaaria akitazama huku na huku asije akaonwa na muumini mwenzake. Walimchinja, wakatoa majani yaliyosagika tumboni mwake, ya moto bado, wakanipaka kwenye kope za macho yote mawili. Kaaria akatamka kwa Kimeru maneno ambayo alikuwa ameyasikia kwa babu yake, na kwa kusitasita akamalizia na Amina. Tukala nyama ile hapohapo, mimi na wao watatu, hadi ikaisha, kwa sababu jambo lililoliwa kondoo wake haliongelewi tena na waliomla, si kwa mke, si kwa mtoto. Nyumbani watu waliambiwa Mama Makena alipasuliwa kidole tumbo. Mimi nikapakiwa kwenye gari la miraa lililokuwa likirudi tupu, na darubini ikarudishwa kwa mwenyewe.

Sijashika darubini tena. Runyenjes ndege wanakuja hadi kwenye varanda yangu, na wajukuu wananiuliza yule ni nani na yule ni nani. Nawaambia majina kwa kusikia sauti, na wao huona ni ufundi. Mama Makena na mumewe walirudi Kanyakine baada ya miaka, wakanunua shamba, wakazeeka. Tulikutana kwenye harusi na mazishi ya watu. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kunitazama usoni. Alinisalimia akitazama kando ya sikio langu, kana kwamba kuna mtu nyuma yangu, na alijaza blauzi yake vitambaa kwa ustadi hivi kwamba hakuna aliyewahi kushuku. Lakini sahani yangu alipakua yeye, ikaletwa na mtoto, na ilikuwa imejaa kuliko ya mtu yeyote hemani. Nilikula yote kila mara. Sikujua ni shukrani au ni adhabu, na sikuwa na uso wa kuuliza.

Nilikuwa nikiyawaza hayo kwenye mibuni, foleni ikiendelea kupita mbele ya jeneza, niliposikia nyasi nyuma yangu. Alikuwa Makena mwenyewe, yule aliyeachwa kwa nyanya yake, sasa mwanamke wa zaidi ya miaka arobaini, mwenye duka la vifaa vya shule, mama wa wasichana wawili. Alikuwa amevaa sweta nyeusi isiyofungwa vifungo kwa sababu ya jua.

"Mwalimu, uko hapa. Umekataa kuona mama?"

"Nimeshindwa, Makena."

Aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Jana tulienda mochari kumvalisha, mimi na shangazi. Mwalimu, mama hakuwa na ziwa moja. Mimi nimelala kitanda kimoja na mama, nimemwuguza, na sikuwahi kujua. Ile kovu ni ya zamani sana. Shangazi anasema itakuwa ni Mombasa. Na watu wa Mombasa wote wameisha, baba, Kaaria, yule mzee wa Embu. Umebaki wewe. Ulikaa kwao. Ulijua?"

Nilikuwa na haki ya kusema sijui. Nilikuwa na zaidi ya haki. Nilikuwa nimekula kondoo. Na kule mbele ya hema alikuwa amelala mwanamke aliyeficha jambo hili kwa mumewe hadi likamtoa harufu, na kwa mwanawe hadi kaburini, naye alikuwa bado hajafunikwa udongo. Nikafungua mdomo niseme sijui.

"Mimi nimepatikana na kitu," Makena akasema, akigusa kifua chake. "Hapa. Daktari wa Meru aliniuliza kama kuna mtu kwetu amewahi kuwa na hiyo shida. Mama, nyanya, mtu yeyote. Nikamwambia hakuna. Nikamwambia kwetu ni presha tu." Akageukia hema. "Mama alikuwa ameketi hapo kando yangu, Mwalimu. Alinisindikiza. Alisikia nikisema hakuna, na akanyamaza."

Nikamwambia. Nilimwambia ilikuwa saratani, ziwa la kushoto, ilifika hadi ikafunguka kidonda, na kwamba alikuwa mdogo kuliko yeye alivyo leo. Nilimwambia arudi kwa daktari huyo Jumatatu asubuhi, aseme kuna mtu, ni mama, na wasichana wake pia wajue wakikua. Nilisema haraka, kama darasani wakati kengele imekaribia kulia. Alisikiliza kila neno, akarudia moja moja kwa sauti ya chini ili asisahau. Ndipo akaniuliza lile nililokuwa nikilingoja.

"Na mama alikuambia wewe? Wewe kijana wa watu?"

"Hakuniambia."

"Sasa ulijuaje?"

"Nilimwona," nikasema. "Akioga. Nilikuwa juu, na darubini."

Alinitazama kwa muda, moja kwa moja usoni, kama mama yake hakuwahi kunitazama tangu mwaka ule. Halafu mikono yake ikapanda yenyewe, sidhani kama alijua, ikavuta pande mbili za sweta, ikafunga vifungo, kimoja baada ya kingine, hadi shingoni.

"Asante, Mwalimu," alisema, akarudi hemani.